Nyambizi Nyuma ya Jiwe

Marcene Bartos alinipigia simu Jumanne saa mbili asubuhi kuniambia baba yake amefariki usingizini, na kabla sijapata pa kukaa akaniomba nije mazikoni nichekeshe watu.

"Mjomba Del, hakuna anayeijua hadithi ya Nyambizi kama wewe," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Baba asingependa watu wanune. Isimulie kama unavyoisimulia siku zote. Na wale samaki usiwasahau."

"Samaki siwezi kuwasahau," nikasema.

"Halafu kuna jambo jingine, usimwambie mtu. Jiwe tulishalinunua tangu alipoanza kuugua. Mbele kuna majina na nanga ya jeshi la majini. Nyuma kutupu. Nimemwambia Orrin achonge nyambizi hapo. Ndogo, imetoa shingo majini, na behewa la treni mgongoni. Mama kacheka mpaka machozi. Orrin ataanza Jumatatu."

Nilisema ni wazo zuri. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu. Nikakata simu nikabaki nimesimama jikoni na soksi moja, mzee wa miaka sitini na sita, yai langu linaungua kwenye kikaango nami naliangalia tu.

Hapa Sutter Fork, Nebraska, mimi ndiye mcheshi wa mji. Sikuchaguliwa na mtu. Nimefukuzwa kazi, nimerudishwa, nimeachwa na mke, nimevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye behewa ambalo lilikuwa limesimama. Mtu akipigwa makofi hivyo, ama awe mkali kama mbwa wa mnyororo, ama ajifunze kuchekesha. Nilichagua kuchekesha kwa sababu mbwa hapewi bia.

Verlyn Bartos hakuwa mcheshi. Alikuwa mrefu, mpole, masikio yanamlia tangu ujanani, maana wakati wa vita vya Korea alikaa miaka minne kwenye manowari, chini kabisa, chumba cha boila. Aliporudi alileta nyumbani tabia moja ya baharini: kila kitu alikifunga, tena mara mbili. Mpira wa kumwagilia bustani ulifungwa. Ngazi ilifungwa. Mbwa wake alivaa mikanda miwili ya shingo. Hata kifuniko cha pipa la taka alikifunga kwa fundo la kibaharia ambalo LaVonne, mkewe, ilimbidi alifungue kwa uma wa kulia. "Hapa hakuna mawimbi, Verlyn!" LaVonne alikuwa akipiga kelele uani, na majirani wote tunasikia. Verlyn anajibu, "Bado hayajafika," anaendelea kufunga.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyewafanya watu waamini kwamba alisahau kufunga breki.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1979, Alhamisi, mchana kweupe, na baridi inayokata pumzi. Verlyn alikuwa mkuu wa treni, Floyd Neemann dereva, mimi mfunga breki. Tulitakiwa kuacha mabehewa matano ya mahindi kwenye njia ya pembeni, ile inayoishia karibu na bwawa la machimbo ya mchanga. Njia ile ina mteremko ambao jicho haliuoni. Behewa linauona.

Kila behewa lina breki ya mkono: gurudumu la chuma unalolizungusha mpaka mnyororo ulie. Unafunga behewa la kwanza, la pili, mpaka la tano. Halafu unafungulia breki za upepo na kusimama pembeni kuangalia kama zile za mkono zinatosha zenyewe. Hilo ndilo jaribio, na halirukwi, kwa sababu breki za upepo zinakudanganya. Zinashika vizuri, unaondoka, huku nyuma upepo unavuja kidogo kidogo, na kwenye baridi unavuja haraka zaidi.

Nilifunga moja.

Gurudumu la pili lilikuwa limeganda barafu. Nililipiga kwa nyundo mara mbili, vidole vikaniuma, nikafikiria supu ya Bi Opal, mwenye mgahawa ulio karibu na reli, na ile mikate yake ya nyama na kabichi, ambayo Alhamisi ikifika saa nane imekwisha. Nikachukua redio. "Tano zimekaza."

"Umezijaribu?" Verlyn akauliza. Alikuwa juu kwenye kichwa cha treni pamoja na Floyd.

"Nimezijaribu."

Tulikuwa tumeshakula nusu sahani pale Bi Opal aliposimama dirishani na birika la kahawa mkononi akasema, "Jamani, ile treni yenu inakwenda wapi?"

Ilikuwa inakwenda bwawani. Polepole, kwa adabu, kama mtu anayechelewa kanisani. Mabehewa yaliangusha kizuizi cha mwisho wa njia, mawili yakapanda juu ya barafu, barafu ikakaa kidogo kama inayofikiria, halafu ikaachia. Tulipofika nje yalikuwa yamezama mpaka kwenye paa. Mahindi yalielea bwawa zima. Kambare wa bwawa lile walinenepa hivi kwamba miaka miwili baadaye watu walikuwa bado wanapiga nao picha. Sehemu hiyo ya hadithi ni ya kweli, na ndiyo sehemu pekee niliyoisimulia kwa uaminifu.

Matatu yalikuwa yamebaki nchi kavu. Verlyn aliyazunguka moja moja, akainama, akashika minyororo kwa mkono. Halafu akaja nilipo.

"Ulifunga ngapi, Del?"

"Tano."

"Mnyororo uliokaza ni mmoja."

Aliniangalia, si kwa hasira, zaidi kama anavyoangalia saa.

"Haya," akasema.

Wakubwa wa kampuni walikaa kikao cha uchunguzi wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa na barua za onyo faili zima. Nilikuwa nimefukuzwa kwa ulevi na kurudishwa kwa masharti, bado mwaka na nusu haujapita. Kosa moja tu na safari yangu imekwisha, na Janelle, mke wangu wa wakati ule, alikuwa na mimba ya pili. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nje ya chumba nikisubiri kuitwa. Sikuitwa. Verlyn alitoka amevaa kofia tayari.

"Nimewaambia nilizifunga mimi, nikahesabu vibaya," akasema. "Nenda nyumbani ukale."

Sikumshukuru. Nilijiambia kwamba kumshukuru ni kukiri, na kukiri ni kumwangusha yeye aliyesema uongo kwa ajili yangu. Mtu mwoga hakosi hesabu nzuri.

Walimweka nyumbani siku tisini bila mshahara. Alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na LaVonne, aliyekuwa akifundisha watoto wa mji huu piano, aliuza ile piano. Niliwaona wakiitoa. Nilijificha nyuma ya gari langu.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mwoga wa kawaida, na waoga wa kawaida mji huu unao wa kutosha. Lakini Aprili Verlyn alirudi kazini. Tulikuwa watu kama tisa kwenye chumba cha wafanyakazi, kila mtu anaangalia viatu vyake. Mmoja wa vijana wa karakana akaanza, "Lakini mimi sielewi. Kufunga breki si kazi ya mfunga breki? Siku ile mfunga breki alikuwa..."

Nikarukia juu ya benchi.

"Mabibi na mabwana!" nikasema. "Mwanamaji wetu karudi! Kazunguka bahari nzima, Wakorea wamempiga mabomu, hakuzama! Kaja Nebraska, mahali hakuna maji ya kuogesha bata, kazamisha treni! Mpigieni saluti Nyambizi!"

Chumba kilipasuka. Walicheka vicheko vya watu waliokuwa wanatafuta pa kucheka. Hakuna aliyekumbuka tena swali la yule kijana. Verlyn alitundika koti lake, akalifunga vifungo vyote likiwa pale kwenye msumari, akaenda kazini.

Miaka thelathini na moja. Nyambizi kanisani, Nyambizi dukani, watoto wadogo wasiojua hata jina lake la kweli, "Habari za asubuhi, Bwana Nyambizi!" Krismasi tulimtundikia nyambizi ya bati kwenye mti. Siku aliyostaafu nilimletea keki yenye umbo hilo, na samaki wa sukari pembeni. Aliikata vipande sawasawa, akampa kila mtu, na aliponikaribia na sahani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Del, hujachoka?"

"Kuchoka na nini, Nahodha?" nikasema, kwa sauti ya juu.

Watu walicheka. Akanipa keki yangu, nikaila.

Sasa walitaka waichonge kwenye jiwe, mimi ndiye wa kuisindikiza kwa maneno, na ikishachongwa haitaondoka hata sote tukiondoka.

Jumamosi tulimzika. Mabaharia wawili wadogo, waliotumwa kutoka mjini na masikio mekundu kwa baridi, walikunja bendera mpaka ikawa pembetatu, mmoja akapiga goti mbele ya LaVonne akamkabidhi. Kutoka hapo tukaenda kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, kwenye chakula cha kinamama wa kanisa: mikate ya nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, vile vikate vitamu vya mbegu nyeusi vya Kicheki, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo hakuna anayeipenda na hakuna mazishi yasiyokuwa nayo.

Watu mia na zaidi. Wa kwanza kusimama alisema Verlyn alimfundisha kuvua. Wa pili alisema alimtengenezea paa na hakutaka hata kahawa. Kisha Marcene akagonga glasi kwa kijiko.

"Haya, mnamsubiri nani?" akasema, macho mekundu, anatabasamu.

"Del! Del!" wakaanza. "Tuzamishe, Del!"

Nilisimama. LaVonne alikuwa meza ya mbele, bendera mapajani kama mtoto, ameshatabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Nataka kusema kuhusu zile breki," nikasema.

"Sema!"

"Verlyn hakuzifunga."

Kicheko. Mtu akapiga meza.

"Hakuzifunga kwa sababu haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi yangu. Nilitakiwa kufunga tano, nikafunga moja, nikakimbilia supu."

Kicheko kikubwa zaidi. "Hii mpya!" alisema mmoja. "Kila mwaka anaongeza!" Mwanamke mmoja alikuwa anapangusa machozi. Niliwaangalia nikaelewa nilichojijengea: nyumba yenye milango mingi, na yote inatokea kwenye kicheko.

"Sitanii," nikasema, na hilo likawamaliza kabisa, kwa sababu ndivyo ninavyosema kila ninapotania.

Ndipo nikasikia kitu kikigonga sakafu. Floyd Neemann, dereva wetu, miaka themanini na nne, mrija wa oksijeni puani, alikuwa anagonga kwa fimbo yake.

"Mwacheni aseme, nyie wapumbavu," Floyd akasema. Pumzi ilikuwa fupi, kila neno na safari yake. "Verlyn alikuwa na mimi. Kwenye kichwa cha treni. Muda wote. Angezifungaje?"

Kicheko kilikufa meza kwa meza, kikitoka mbele kuelekea nyuma.

"Ulijua?" Marcene akamwuliza.

"Nilijua. Nikacheka na wengine." Floyd akashusha fimbo. "Ilikuwa inachekesha, mama. Hiyo ndiyo shida yake."

Marcene akanigeukia. Hakusema Mjomba. "Miaka yote hiyo? Na jina? Jina nalo lilitoka wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Kuna mtu alikuwa anataka kuuliza nani alifunga breki. Nikatafuta kitu cha kumnyamazisha."

Nilikuwa nimewahi kuwazia siku hiyo, si mara moja. Katika mawazo yangu nikishasema napata kupumua. Sikupata. Nilichokifanya ni kutoa ule mzigo kwangu na kuwagawia, kila mmoja kipande chake, kama keki, nikawaona wakikipokea. Yule aliyepiga meza alikuwa anaangalia mkono wake.

LaVonne hakuwa ameinua macho. "Pipa la taka," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa.

"Pipa la taka alilifunga mara mbili," LaVonne akasema, sasa kwa ukumbi mzima. "Miaka hamsini na mitatu nafungua kifuniko kwa uma. Mbwa kamfunga mara mbili. Halafu wananiambia kasahau breki, mabehewa matano, nami nasema eeh, kumbe." Akanitazama. "Nilimwita mzembe, Del. Siku waliyokuja kuchukua piano yangu. Mbele ya watoto."

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Ndiyo.' Akawashikia mlango wapite."

Nilitaka aniite jina lolote baya. Ninayo mengi, ningeweza hata kumsaidia kuchagua. Badala yake aliipapasa bendera, akaiweka sawa.

"Jumatatu saa tatu uje na gari," akasema. "Tunakwenda kwa Orrin. Utamwambia wewe. Sasa kaa chini, ule. Wamepika."

Nikakaa. Nilikula jeli ya kijani yote, mezani peke yangu. Kwenye meza ile kulikuwa na viti vinane.

Jumatatu nilifika saa tatu kasorobo. LaVonne alipanda akafunga mkanda, akauvuta kuujaribu, tukaenda mpaka kwenye yadi ya mawe.

Orrin Zabka alitutokea na vumbi mpaka kwenye nyusi, anachekelea. Hakuwa amekuja mazikoni, mgongo ulimshika. "Nilitaka niwashtue," akasema, akafunua turubai. "Sikuweza kusubiri leo. Nilianza Jumamosi."

Shingo ya nyambizi ilikuwa imeshatoka kwenye jiwe, safi, na chini yake mstari wa mgongo unaanza kupinda. Kazi nzuri kweli. Hata dirisha dogo kwenye ile shingo.

"Orrin," nikasema, "breki zile nilitakiwa kuzifunga mimi. Jina lile nilimpa mimi nijifiche nyuma yake."

Orrin akaanza kucheka. "Del, wewe..."

"Orrin," LaVonne akasema.

Akaacha.

Alivua kofia, akalizunguka jiwe, akapitisha kidole gumba kwenye ile shingo. "Ninaweza kusaga. Lakini jiwe la itale likishasagwa halirudi, Bi LaVonne. Patabaki bonde, kama kiganja hivi. Labda nichonge kitu kingine juu yake. Maua, au treni ya heshima. Hakuna atakayejua."

LaVonne alinitazama muda mrefu kuliko ule Verlyn alionitazama kando ya bwawa.

"Saga tu," akasema. "Usifunike."

Mashine ya kusagia inataka maji yamwagike juu ya jiwe muda wote, na msaidizi wa Orrin hakuwepo, basi LaVonne akarudi garini kusubiri, mpira wa maji nikaushika mimi. Kwa muda wa saa moja na nusu. Ilikuwa Machi, maji yanatoka chini ya ardhi, vidole vilianza kuuma kama vilivyouma mwaka ule, na safari hii sikuviondoa. Maji meupe yalishuka kwenye viatu vyangu. Shingo iliondoka, kisha dirisha, kisha ule mstari. Likabaki bonde, laini, pana kama kiganja. Mvua ikinyesha patatuama maji.

Orrin akazima mashine. Niliukunja mpira, nikatafuta kamba msumarini, nikaufunga. Nilipogeuka LaVonne alikuwa ameshuka garini, amesimama nyuma yangu na mkoba wake mkononi. Aliliangalia fundo langu. Akalivuta kwa vidole viwili, taratibu.

Likafunguka.

"Tena," akasema.